Gari kuukuu au jipya: lipi linaumiza zaidi mapafu yako?

Ukisimama kituo cha daladala Buguruni au Mbagala saa 12 jioni, huhitaji kipimo kujua kwamba hewa unayovuta si nzuri. Macho yanawasha, koo linakereketa, na leso nyeupe ukiipitisha usoni inatoka na masizi. Wewe utasubiri dakika 20 uondoke. Mama lishe aliyepanga meza yake hapo tangu alfajiri anabaki, muuza matunda anabaki, dereva wa bodaboda anabaki. Na mtoto uliyemshika mkono, pua yake iko karibu na bomba la moshi kuliko yako.

Mada hii ikizuka, lawama zote huangukia magari ya zamani. Utasikia watu wakisema yaondolewe barabarani, tununue mapya. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu litengenezwe. Sisi Tanzania hatukukataza, tunatoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Lakini ukiniuliza kama mtu wa afya, nitakuambia kwamba mwaka uliotengenezwa gari lako haunipi picha kamili. Nataka kwanza kuona kinachotoka nyuma.

Tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna hewa ukaa, ile inayoongeza joto duniani, na kuna sumu zinazokuingia kifuani leo hii.

Kwa hewa ukaa, hesabu yake ni hii. Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa takribani kilo 2.3. Ukitembea kilomita 10,000 kwa mwaka na gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita, unatoa kilo 2,300. Ukichukua jipya linalokwenda kilomita 15 kwa lita, utatoa kama kilo 1,500, umeokoa 800. Ila gari hilo jipya nalo halikuanguka kutoka mbinguni. Kuanzia kuyeyusha chuma mpaka kupiga rangi, kiwandani hutoka tani kadhaa. Tukisema ni tani 6, itakuchukua zaidi ya miaka 7 kulipa deni hilo. Na lile la zamani hulizikwi, unamuuzia mtu wa mkoani ambaye ataendelea nalo. Kwa hiyo mwenye gari zima linalotunzwa asione aibu kukaa nalo.

Kwenye mapafu hesabu ni nyingine kabisa. Moshi wa gari lililochoka una chembechembe laini zenye upana usiozidi mikroni 2.5, wakati unywele wako una mikroni kama 70. Pua haiwezi kuzizuia. Zinafika ndani kabisa ya mapafu, nyingine zinavuka kuingia kwenye damu. Ndiyo maana madhara yake hayaishii kwenye pumu na kikohozi. Yanafika kwenye shambulio la moyo, kiharusi, na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2021 shirika hilo likashusha kiwango cha chembechembe hizo kinachopendekezwa kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa.

Sasa njoo kwenye masega. Kati ya injini na sailensa, gari la petroli lina kopo la chuma ambalo ndani yake kuna kitu chenye vitundu vidogo kama sega la nyuki, kilichopakwa madini ya thamani kama platini. Likishapata moto, kopo hilo huvunja sumu kabla hazijatoka nje, ikiwemo kaboni monoksaidi. Halihitaji umeme wala mafuta. Madini hayo yana bei, na hapo ndipo shida inapoanza. Fundi atakuambia masega yanabana injini na kula mafuta, afadhali ayatoe. Unamlipa akutolee kitu ambacho yeye anakwenda kukiuza!

Ni kweli masega yaliyoziba hubana injini. Lakini mara nyingi yanaziba kwa sababu plagi zimechoka au injini inakula oili, na ukiyatoa ugonjwa wenyewe unabaki pale pale. Tulihangaika miaka ile kuondoa risasi kwenye petroli, kitu ambacho kilidhuru akili za watoto na kuua masega pia. Tangu 2015 dizeli ya Afrika Mashariki imepunguzwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni. Leo mafuta yamekuwa bora, halafu tunafungua masega kwa spana zetu wenyewe. Gari la mwaka 2005 lenye masega mazima na injini nzuri naweza kulivumilia mbele yangu kwenye foleni. La 2015 lililotolewa masega, hapana.

Angalia moshi wa gari lako. Ukiwa wa bluu, injini inaunguza oili, pengine ringi za pistoni zimeisha. Ukiwa mweusi, hasa kwa Fuso na Kosta, mafuta hayaungui yote: nozeli ni chafu au chujio la hewa limejaa vumbi, na hiyo ni hela yako inayopaa. Mweupe kidogo asubuhi ni mvuke tu, lakini ukiendelea injini ikishapata moto, maji yanaingia kwenye silinda.

Bomba likiwa limetoboka chini ya gari, usilale ndani huku umewasha kiyoyozi, wala usiache injini ikiunguruma ndani ya banda lililofungwa. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Abiria wawili au watatu wakianza kuumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, simamisha gari, wote watoke nje.

Kwa mnaofanya kazi kituoni, sogezeni meza mbali na pale magari yanaposimama yakiunguruma, hata mita chache zinasaidia. Barakoa ya kitambaa haizuii chembechembe hizi. Mwenye pumu asiache nyumbani dawa yake ya kuvuta. Na kikohozi kikifika wiki 2 usikisingizie moshi, nenda kituo cha afya ukapime makohozi, maana kifua kikuu nacho huanza hivyo hivyo.