Klachi ya Gari la Chama Inapokwisha Kabla ya Wakati Wake

Gari la chama cha msingi ni mali ya wanachama wote, na gharama za kulitunza hutokana na jasho lao. Kwa hiyo klachi inapokwisha mapema, hasara haimwangukii dereva peke yake. Hasara huwa kubwa zaidi katika msimu wa ununuzi, kwani lori hukaa gereji na mazao ya wakulima hubaki ghalani. Mara nyingi chama hununua klachi mpya bila kuuliza ile ya kwanza iliharibiwa na nini, na ile mpya nayo hufa kwa ugonjwa ule ule.

KAZI YA KLACHI

Klachi huunganisha injini na giaboksi, na huzitenganisha dereva anapobadili gia. Sahani nyembamba, yenye tabaka gumu la kushikia pande zote mbili, hubanwa kati ya gurudumu zito la injini, liitwalo flaiwili, na bamba lenye springi, liitwalo presha pleti. Dereva akikanyaga klachi, beringi husukuma springi hizo na sahani huachiwa. Akiondoa mguu, sahani hubanwa tena na kuzunguka pamoja na injini.

Sahani iliyobanwa barabara hailiki. Huliwa inapoteleza, yaani injini inapozunguka upesi kuliko sahani. Kuteleza kidogo wakati wa kuondoka hakuepukiki. Kuteleza kwa muda mrefu huleta joto, na joto ndilo liunguzalo sahani.

YALETAYO MADHARA

Kwanza ni desturi ya kupumzisha mguu juu ya kanyagio la klachi wakati gari linakwenda. Hata mguu mwepesi huweza kulegeza springi na kuichosha beringi.

Pili ni kulizuia gari mlimani kwa nusu klachi. Katika barabara za kupanda, kama ile itokayo Mombo kwenda Lushoto, dereva anaposimama yampasa kutumia breki ya mkono, kisha kuiachia pale tu injini inapoanza kuvuta.

Tatu ni kuondoka kwa gia ya pili gari likiwa na mzigo. Katika gia hiyo sahani huteleza muda mrefu zaidi kabla ya kwenda sawa na injini.

Nne ni kuzidisha mzigo. Uzito wote wa gari na shehena ukiwa maradufu, hata katika uwanda joto la kila mwondoko nalo huwa takriban maradufu. Mlimani na kwenye matope huzidi hapo. Kosa hili mara nyingi si la dereva, bali la wale walioamuru magunia yapakiwe kupita kipimo.

Tano ni ubovu wa gari lenyewe. Katika magari ambayo klachi hurekebishwa kwa mkono, kanyagio huwa na nafasi ndogo ya kushuka kabla klachi haijaanza kuitika. Sahani inavyoliwa, nafasi hiyo hupungua, na ikitoweka springi haziwezi kubana vema. Fundi airekebishe kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Vilevile oili ikivuja kutoka injini au giaboksi na kufika kwenye sahani, klachi itateleza hata ikiwa mpya.

DALILI

Injini ikinguruma zaidi bila gari kuongeza mwendo, hasa mlimani, klachi inateleza. Harufu ya kuungua ni onyo la pili. Kupima, gari lisimamishwe mahali tambarare palipo wazi mbele na nyuma, magurudumu yawekewe vigingi na breki ya mkono ivutwe. Dereva atie gia ya tatu na kuachia klachi polepole. Injini ikizimika mara moja, klachi inashika. Ikiendelea kuzunguka, inateleza. Jaribio hili lisirudiwerudiwe, kwa kuwa lenyewe huunguza sahani.

SAHANI KUUKUU NI SHAHIDI

Makatibu wanashauriwa kuagiza kwamba vipuri vya zamani virudishwe chamani, navyo vikaguliwe mbele ya fundi. Sahani iliyolowa oili huonyesha uvujaji, na uvujaji huo uzibwe kabla mpya haijafungwa. Sahani iliyoungua, pamoja na madoa ya buluu kwenye flaiwili, huonyesha joto la kuteleza. Beringi iliyokufa huku sahani ingali nene hutia shaka juu ya mguu uliopumzishwa, ingawa beringi hafifu nayo hufanya hivyo.

Sahani, presha pleti na beringi hufaa kubadilishwa pamoja, kwa kuwa kazi kubwa ni ya kushusha giaboksi. Flaiwili nayo ichunguzwe, na ikiwa na mikwaruzo ichongwe au ibadilishwe. Vumbi la klachi lisipulizwe kwa upepo, kwani sahani za zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

WAJIBU WA KAMATI

Kila gari liwe na daftari linaloonyesha tarehe na kilomita za kila matengenezo, pamoja na uzito wa mizigo iliyobebwa. Pasipo daftari hilo, kamati haiwezi kujua kama klachi ilikufa mapema au ilimaliza umri wake. Wala si haki kumtoza dereva gharama kabla sahani kuukuu haijakaguliwa na daftari kusomwa, kwani pengine daftari hilo litaonyesha kwamba mzigo ulioiua klachi uliidhinishwa na kamati yenyewe.