Teknolojia na Upweke wa Wanaouguza Nyumbani

Muuguzaji wa nyumbani ni mtu anayemtunza mzazi, mwenzi, mtoto au ndugu asiyejiweza, bila mshahara na mara nyingi bila mafunzo. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria kuwa kazi za utunzaji zisizolipwa, zikiwamo malezi na shughuli za nyumbani, huchukua saa bilioni 16.4 kila siku duniani, na wanawake hubeba zaidi ya robo tatu ya saa hizo. Mbali na uchovu, kuuguza huleta upweke, na hapo ndipo teknolojia ya mawasiliano inapoweza kusaidia.

Upweke huo huingia kidogo kidogo. Anayemuuguza mtu mwenye dimensia, yaani maradhi ya ubongo yanayoharibu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, hawezi kutoka nyumbani kwa amani: mgonjwa anaweza kuacha jiko likiwaka, au kutoka nje akapotea. Muuguzaji huanza kukosa vikao vya kikundi cha kuweka na kukopa, kisha ibada, kisha harusi na misiba. Wageni nao hupungua, hasa pale maradhi hayo yanapohusishwa na laana au uchawi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa ndugu na marafiki hutumia wastani wa saa 5 kwa siku kumhudumia mtu mwenye dimensia.

Juhudi za kuwaunganisha watu hawa zilianza zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Cleveland, Marekani, mtafiti wa uuguzi Patricia Flatley Brennan na wenzake walijaribu mtandao ulioitwa ComputerLink, uliopitia kwenye laini za simu hadi kompyuta zilizowekwa majumbani. Ulikuwa na maelezo ya ugonjwa, msaada wa kufanya maamuzi na sehemu ya kuandikiana. Kati ya watu 102 waliokuwa wakiuguza wagonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya dimensia, nusu waliutumia kwa mwaka mmoja. Imani yao katika maamuzi waliyofanya iliongezeka, ingawa ujuzi wenyewe wa kuamua haukubadilika. Sehemu iliyotumiwa zaidi ilikuwa ya kuandikiana.

Zana za leo ni za aina mbili kuu. Ya kwanza ni mafunzo, kama iSupport ya WHO, yenye masomo 23 katika moduli 5, moja ikihusu afya na mapumziko ya muuguzaji mwenyewe. Husomwa kwa nafasi, hata usiku mgonjwa akishalala. Mafunzo hupunguza woga, lakini peke yake hayampi mtu wa kuzungumza naye.

Aina ya pili ni kundi la wauguzaji wenzake, kwa mfano la WhatsApp. Chukua binti ambaye mama yake mwenye dimensia kila jioni humuulizia bibi aliyefariki zamani, na hulia upya kila anapoambiwa ukweli. Binti anarekodi ujumbe wa sauti huku akisonga ugali. Kabla ya kulala, mwenzake wa mji mwingine amemjibu: usibishane naye, mwombe akusimulie habari za bibi. Ujumbe wa sauti unamfaa asiye na muda wa kuandika, na hausubiri wote wawe na nafasi kwa wakati mmoja.

Kundi kama hilo hustawi likiwa dogo, la watu wanaouguza maradhi ya aina moja, na likiwa na msimamizi. Kazi yake ni kuzuia wauza dawa za miujiza na kulinda siri: picha za mgonjwa hazirushwi, kwani huenda yeye hawezi tena kutoa ridhaa. Wasio na simu janja au pesa ya bando hufikiwa kwa kupigiwa simu ya kawaida kwa siku maalumu. Wakisahaulika, teknolojia itawasaidia wenye nafuu na kuwaacha nyuma walio wapweke zaidi.

Hata hivyo, simu haimgeuzi mgonjwa kitandani wala haimwogeshi. Muuguzaji anahitaji pia mtu wa kumpokea zamu ili atoke akaonane na watu. Jamaa walio mbali wanaweza kutumia kundi la familia kupangiana zamu hizo, kila jina likiandikwa mbele ya siku yake. Kundi linaloishia kwenye salamu na pole litakuwa limefanya nusu ya kazi.