Isiolo huuza vizito

Hesabu ya safari ya jangwani huanza na maji. Mtu anayetembea juani huhitaji lita 4 au 5 za kunywa kwa siku. Watu 5 kwa siku 4 wanafikia lita 100, yaani mitungi 5 ya lita 20: kilo 100 kamili, na bado sufuria haijatafutiwa nafasi. Hakuna anayeupakia mzigo huo Nairobi, kilomita zipatazo 285 nyuma, ilhali mji wa Isiolo uko njiani kuelekea kaskazini. Hema, begi la kulalia na viatu vya mlimani hutoka jijini. Maji, mafuta ya gari, unga, sukari, turubai na kamba hutoka hapa.

Zamani msafiri hakuwa na hiari ya kupita bila kusimama. Lami ilikomea Isiolo, na mbele yake palikuwa na changarawe na vumbi kwa kilomita 500 hivi hadi Moyale. Magari yalingoja kwenye kizuizi cha polisi yapate kwenda kwa msafara, askari wenye bunduki wakiyasindikiza kwa hofu ya majambazi. Kule kungoja ndiko kulikowalisha wenye hoteli, wenye maduka na mafundi wa panchari. Lami ilipofika Merille, kisha Marsabit, na mwishowe Moyale yenyewe, basi likapata kupita mjini kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Biashara haikufa, ilichuja wateja.

Wanaosimama leo ni wale watakaoiacha lami. Wapo wanaokwea Ololokwe, mlima wenye kichwa bapa kaskazini ya Archers Post, na kulala kileleni na kila tone la maji walilolipandisha mgongoni. Wapo wanaokwenda jangwa la Chalbi, au Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana. Njia ya kwenda ziwani kupitia Laisamis ilitengenezwa upya, kilomita 208, ili kupitisha mitambo 365 ya umeme wa upepo. Watalii waliipata kama bakshishi.

Bidhaa ambayo Nairobi haiwezi kushindana nayo hutoka jikoni. Bulla Pesa, hapa Isiolo, ni mtaa wa Waborana, Wasomali, Waturkana na Wameru, na katika mitaa ya aina hii nyirinyiri ni ujuzi wa akina mama. Nyama ya ngamia au ng'ombe hukatwa vipande virefu, ikaanikwa hadi ikauke, ikakatwakatwa tena vidogo, ikakaangwa, kisha ikazamishwa ndani ya samli au mafuta. Hukaa wiki nyingi bila friji. Chakula cha pakiti kilichokaushwa kiwandani, kinachouzwa ghali kwa wapanda milima, hudai maji ya moto. Nyirinyiri haidai hata kiberiti. Mahali ambapo kila lita imehesabiwa, hiyo ni tofauti ya kifedha, si ya ulimi tu.

Gharama yake, hata hivyo, iko kwenye mizani: nyama mbichi hupungua mno inapokauka, na bei ya mfugo ndiyo inayoamua. Na mfugo hutegemea mvua: ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zikikosekana msimu baada ya msimu, uliua mifugo kwa wingi kaskazini yote.

Maziwa ya ngamia yana njia yake. Ushirika wa akina mama wa Anolei hukusanya maziwa kwa wafugaji na kuyapeleka Eastleigh, mtaa wa Nairobi, kwa mabasi, kwa hiyo mpiga kambi wa Isiolo hununua asubuhi kile ambacho Nairobi itakinywa jioni. Pamoja na maziwa, aulizie akala, ndala za tairi kuukuu. Viatu vya jijini ni vizuri, lakini mwiba wa mgunga hausomi lebo.

Msimu nao una bei. Mvua zikinyesha, Chalbi, ambayo ni sakafu ya ziwa la kale, hugeuka tope la chumvi, na gari lililosheheni ndilo huzama kwanza. Kwa hiyo wateja wanaoiacha lami huja zaidi miezi ya kiangazi.

Dereva mzoefu hupanga maji chini kabisa, katikati ya magurudumu, na hakubali pipa moja kubwa hata likiwa nafuu. Mtungi mmoja ukipasuka kwenye mawe ya Mlima Kulal, minne hubaki.