Saratani ya utumbo mpana: jeni zinapoiamrisha seli ikue na ihame

Ukipita mitaa ya Ruwi, hapa Muscat, wakati wa jioni, hukosi kusikia Kiswahili. Watu wanaulizana habari za jamaa walioko Unguja, Pemba, Mombasa na hata Bujumbura. Lakini kuna maradhi ambayo wengi wetu tunaona haya kuyataja kwa sababu yanahusu choo. Nayo ni saratani ya utumbo mpana, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazoonekana zaidi nchini Oman.

Wasomaji wapenzi, maradhi haya huanzia kwenye jeni. Kila seli ya mwili ina jeni zilezile, lakini si zote zinazofanya kazi kwa wakati mmoja: baadhi huwashwa, nyingine huzimwa. Katika utumbo mpana ipo jeni iitwayo APC, iliyogunduliwa mwaka 1991. Kazi yake ni kama breki. Inapoharibika, protini iitwayo beta-katenini hujazana, huingia ndani ya kiini cha seli na kuwasha jeni za ukuaji, ikiwemo MYC. Seli huzaana bila ya mpango na kufanya kinyama kidogo ukutani mwa utumbo.

Hatari kubwa huja baadaye, seli zinapoanza kuhama. Protini iitwayo E-kadherini ndiyo inayozigandisha seli pamoja. Jeni yake ikififia na zile za mwendo zikiwashwa, seli hujitoa kwa wenzake na kuingia katika damu. Mara nyingi hutua kwenye ini, kwani damu itokayo utumboni hupitia huko kwanza.

La kutia moyo ni kwamba safari hii ni ndefu. Aghalabu kinyama huchukua miaka 10 au zaidi kugeuka saratani, na daktari anaweza kukiona kwa kamera na kukiondoa mapema.

Chakula nacho kina mchango wake. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliona kuwa saratani hii ilikuwa adimu vijijini Afrika. Mwaka 1971 aliihusisha na uchache wa makapi katika vyakula vya nchi tajiri.

Suala la ukoo nalo linatugusa sisi hasa. Mwenye mzazi au ndugu aliyeugua, hatari yake ni karibu mara mbili. Daktari wa Muscat atakuuliza ni nani aliyeugua katika familia, na huenda jibu likawa ng'ambo ya bahari, kwa shangazi anayekumbuka kuwa babu "alikufa kwa tumbo" tu.

Basi tukipiga simu nyumbani, tuulize bila ya haya. Na anayeona damu chooni, anayepungukiwa damu, anayekonda au ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa, asingoje. Amwone daktari.