Manowari ya Centaur na Kumbukumbu Zetu

Wako wazee kule Uingereza, waliokuwa wanamaji katika ujana wao, ambao hata leo hawajachoka kuzisimulia manowari zao za kubeba ndege. Hukutana, hupekua picha za zamani, hukumbushana majina: Eagle, Ark Royal, Victorious, Hermes, Centaur. Ndege zao za jeti huzitaja moja moja kama mfugaji atajavyo ng'ombe wake, kwa umbo na kwa tabia: Sea Vixen yenye mikia miwili, Buccaneer iliyoruka chini chini karibu ya kuyagusa maji. Nao husikitika sana ya kwamba mambo hayo yamepita.

Hatuna haja ya kuwacheka. Kila mtu huulilia ujana wake, na hao ujana wao ulikuwa baharini. Tena, tukisema kweli, kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Tarehe 3 Desemba 1945 rubani Eric Brown alitua na ndege ya jeti juu ya manowari Ocean, na hiyo ikawa mara ya kwanza duniani. Lakini ndege za jeti ziliongezeka uzito na mbio mwaka hata mwaka, na sitaha ya meli haikurefuka. Ndipo Waingereza wakabuni mambo matatu. La kwanza ni sitaha ya mshazari, ili ndege iliyokosa kuinasa kamba ya kuisimamisha iweze kupaa tena bila kuzivamia zilizoegeshwa mbele. La pili ni manati ya mvuke, yenye nguvu ya kuirusha ndege ya tani nyingi kwa muda wa kupepesa macho mara mbili tatu. La tatu ni kioo chenye taa, kilichomwonyesha rubani kama anakuja juu mno au chini mno. Wamarekani, wenye manowari nyingi kupita taifa lo lote, waliyachukua yote matatu.

Na bei yake ilikuwa roho za watu. Sea Vixen zilizoundwa zilikuwa 145, na zaidi ya theluthi moja ziliangamia kwa ajali. Mwenzake rubani, yule wa kuangalia rada, alikaa katika kishimo upande wa kulia, chini ya kifuniko, asione mbele. Wanamaji wenyewe wakakiita shimo la makaa.

Basi, msomaji wa Masasi au Newala atauliza, hayo yatuhusu nini sisi wa mikorosho na mihogo, tulio mwendo mrefu kutoka baharini? Yatuhusu kwa sababu katika majina yale liko moja, nalo ni Centaur, lililoandikwa ndani ya historia ya nchi hii, tupende tusipende. Sisi tunaoandika haya tulizaliwa baadaye, wala hatukuyaona kwa macho yetu. Lakini kutokuliona jambo si ruhusa ya kulinyamazia.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, nje ya Dar es Salaam, waliasi. Walitaka mambo mawili: maofisa wa Kiingereza waondoke, na mshahara wa askari wa kawaida uongezwe kutoka shilingi 105 kwa mwezi hadi 260. La kwanza lilikuwa na haki ndani yake, kwa maana nchi ilikuwa imepata uhuru tangu Desemba 1961, na jeshi lake lilikuwa bado chini ya amri ya Waingereza. Lakini walilidai kwa bunduki, wakawakamata maofisa wao, wakaingia mjini. Maduka yakaporwa na watu wakafa. Uasi ukaenea hadi Tabora, kisha ukashuka huku kwetu, Nachingwea, si mbali na Masasi. Serikali iliyochaguliwa na watu ikabaki siku kadhaa bila jeshi la kuitegemea.

Hapo Mwalimu Nyerere akafanya jambo lililomchoma moyo kuliko mengi aliyowahi kuyafanya. Aliwaomba Waingereza msaada. Wao walikuwa wamekwisha kujiweka tayari: manowari Centaur ilikuwa imewapakia huko Aden makomando wa kikosi cha 45, wapatao 600, pamoja na helikopta, ikaja mpaka karibu na pwani yetu ikingoja kuitwa. Alfajiri ya tarehe 25 Januari helikopta zikaanza kuwashusha makomando kambini Colito, huku manowari nyingine ndogo, Cambrian, ikifyatua mizinga ya kutisha tu. Brigedia Douglas, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa jeshi letu, akawataka waasi wajisalimishe. Waliokataa langoni walipigwa kombora, wachache wakafa, na wengine wakatupa silaha au wakakimbilia vichakani. Sea Vixen zikapita juu kwa kishindo. Kabla ya mchana kuwa mrefu uasi ulikuwa umevunjika.

Katika masimulizi ya wale wazee wa Uingereza, hiyo ilikuwa kazi safi: meli iliyojengwa kwa vita vya jeti ikageuzwa kwa siku chache kuwa bweni la askari wa nchi kavu, ikaifanya kazi hiyo, ikang'oa nanga. Wana haki ya kujivunia ustadi wao, nasi hatuoni aibu kusema ya kwamba walitusaidia. Serikali ya Tanganyika ingalianguka, nani ajuaye tungalitawaliwa na nani? Majirani wengi wa bara hili wameonja utawala wa bunduki, tena kwa miaka mingi.

Walakini kwetu sisi asubuhi ile ina ladha nyingine. Nchi yenye uhuru wa miaka miwili na siku arobaini hivi ilimrudia mtawala wake wa jana ili awanyang'anye silaha vijana wake yenyewe. Mwalimu hakulificha hilo. Mwezi Februari aliwaita Dar es Salaam mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, akalitaja waziwazi kuwa ni fedheha ya taifa, akaomba askari wa Kiafrika washike nafasi ya Waingereza. Wanigeria wakaja. Tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi, la watu wengine na la moyo mwingine.

Yafaa tutazame majina. Kambi ya Colito iliitwa hivyo kwa ukumbusho wa mapigano ya mwaka 1941 kule Ethiopia, ambako askari wetu wa KAR walipigana chini ya bendera ya mfalme wa Uingereza. Ile ya Tabora iliitwa Kalewa, mahali palipo Burma. Vijana wa Tanganyika walikuwa wakilala na kuamka ndani ya ukumbusho wa vita vya watu wengine. Baadaye Colito ikaitwa Lugalo, mahali ambapo mwaka 1891 Mkwawa alikishinda kikosi cha Wajerumani. Wako wasemao kubadili majina ni jambo dogo. Sisi hatuwaungi mkono.

Sasa tusogee mbele kidogo, kwa maana kisa cha manowari hizi hakikwisha na Centaur. Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wao huko Rhodesia. Zambia ikaogopa kushambuliwa, ikaomba ulinzi wa ndege. Waingereza wakapeleka ndege za Javelin Ndola, na wakati zikijiweka sawa, manowari Eagle ikakaa nje ya pwani ya Tanzania na jeti zake zikiwa tayari. Msomaji auone mzaha wa mambo: tarehe 15 Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa kuwa ilikataa kumwondoa Smith kwa nguvu, nasi tukakosa mkopo wa pauni milioni saba na nusu. Miezi 23 tu nyuma, nguvu zilipatikana upesi kwa ajili ya askari weusi waliodai mshahara. Kwa walowezi weupe walioasi dhidi ya mfalme wao wenyewe, yaani malkia, nguvu zikawa na kigugumizi.

Mwaka 1966 zikaja Ark Royal kisha Eagle kuuziba mlango wa Beira, ili mafuta ya petroli yasishushwe na kwenda Rhodesia kwa bomba. Eagle ilikaa baharini siku 71 mfululizo, na ndege zake zikiruka mchana na usiku kuzitafuta meli za mafuta. Marubani walifanya kazi ya kweli, tena ya hatari. Lakini mafuta yalimfikia Smith kwa mlango mwingine, kupitia Afrika Kusini na Lourenço Marques, na uchunguzi wa Bingham mwaka 1978 ukafunua ya kwamba makampuni ya Kiingereza yenyewe yalihusika. Ulinzi huo wa Beira uliendelea hadi Juni 1975, Msumbiji ilipopata uhuru. Kumlinda mbuzi mlangoni huku ukuta wa nyuma umebomoka, na mwenye zizi ajua, hilo twaliitaje?

Hapo ndipo tunaporudi Newala. Mtu akisimama Shimo la Mungu, pale uwanda wa juu wa Wamakonde unapokatika ghafula, huona bonde la Ruvuma limelala chini, na ng'ambo yake Msumbiji. Watu wa pande mbili hizi ni ndugu. Mto haukuwahi kuwa ukuta. Kwa mtu wa hapa neno ndege ya kivita halikumletea kamwe picha ya meli nyeupe ya ukungu na mabaharia wenye kofia. Hata moja iliyokusudiwa kuja huku zamani haikuja kwa wema wetu: Novemba 1917 Wajerumani walirusha kutoka Bulgaria chombo chao kikubwa cha hewa, L59, kimletee von Lettow-Vorbeck silaha na dawa, naye wakati huo amebanwa katika uwanda wetu. Kilifika anga ya Sudan, kikaitwa kirudi, kwa kuwa Waingereza wameushika uwanda wa Wamakonde. Wapagazi na wakulima wetu waliokuwa wakifa kwa njaa na kwa mizigo katika vita hivyo hawakuwa na habari ya chombo hicho.

Ndege ambazo bonde la Ruvuma lilizijua kweli ni za Wareno. Frelimo ilianza vita tarehe 25 Septemba 1964, mwaka ule ule wa Centaur, na maelfu ya wakimbizi wakavuka mto kuja upande wetu. Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO pamoja na Uingereza. Jeti zake za Fiat G.91 ilizinunua Ujerumani ya Magharibi, kwa ahadi ya kwamba ni za ulinzi wa NATO tu. Kisha ikasema Afrika nayo ni Ureno, ikazipeleka. Mwisho wa miaka ya sitini zilikuwa Nacala, zikipiga makonde ya mihogo na vijiji katika uwanda wa Mueda. Na Nachingwea, pale pale askari wetu walipoasi, ndipo Frelimo walipopata kambi yao kubwa ya mafunzo. Kama kuna mahali pa kusini palipojisafisha jina, ni hapo.

Twayasema haya si kwa chuki. Rubani wa Sea Vixen hakumpiga mtu wa Newala, na hakuna haki ya kumtwika dhambi za Mreno. Tunalosema ni ya kuwa mtu aweza kuipenda mashine kwa kuwa yeye alikuwa juu yake. Aliyekuwa chini yake ana kumbukumbu nyingine, na zote mbili ni za kweli.

Manowari zenyewe zimekwisha. Mwaka 1966 serikali ya Uingereza ilifuta mpango wa kuunda mpya kwa sababu ya gharama, na waziri wake wa wanamaji akajiuzulu. Centaur ilivunjwa Cairnryan, Scotland, kuanzia mwaka 1972, ikawa chuma chakavu. Ark Royal ikafuata huko huko mwaka 1980. Hermes iliuzwa India, ikatumika kwa jina la Viraat hadi mwaka 2017. Sea Vixen ya mwisho iliyokuwa ikiruka ilitua kwa tumbo Yeovilton mwezi Mei 2017, magurudumu yakikataa kushuka. Rubani alitoka salama. Waingereza wameunda nyingine mbili, kubwa kuliko zote walizowahi kuwa nazo, lakini wazee wale hawazisimulii kwa sauti ile ile.

Linalotukera sisi ni jingine. Mwanafunzi wa Masasi akitaka kujua asubuhi ya tarehe 25 Januari 1964 ilikuwaje, mengi atakayoyapata yameandikwa na waliokuwa ndani ya helikopta. Watamweleza namba ya kikosi na aina ya injini. Askari aliyesimama langoni Colito, au yule wa Nachingwea aliyesikia redioni ya kwamba wenzake wameshindwa, akaketi kitandani pake akingoja kuja kunyang'anywa bunduki, huyo hana kitabu. Aliyekuwa na miaka 20 siku ile sasa amekwisha kupita 80. Wengine wamo vijijini mwetu, wakipalilia mikorosho, wala hakuna aliyewauliza, kwa kuwa uasi si jambo la kumwuliza mzee wa watu mbele ya wajukuu.

Tungependa waulizwe. Walimu wa historia wa Masasi, Newala na Nachingwea wana wanafunzi, na daftari si ghali. Waende kwa adabu, wapige hodi, wawaamkie shikamoo, waketi. Wamwulize mzee alikuwa akilipwa shilingi ngapi, na aliposikia jeti juu ya kichwa chake, au habari yake tu, alidhani ni za nani.