Namba Mbili za Mchakato Mmoja

Mvuvi wa Matema, katika ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, humwita samaki wake mbasa. Mwenzake wa Malawi humwita mpasa. Majina ni mawili, lakini samaki ni mmoja, naye katika elimu ya viumbe huitwa Opsaridium microlepis.

Sasa tutazame jambo la pili, ambalo ni kinyume cha hilo. Katika shule ya sekondari wilayani Kyela kila mkondo una daftari lake la mahudhurio, na kila daftari huanza na namba 1. Namba 7, basi, wapo wengi. Mwalimu wa darasa akimwandikia mkuu wa shule kwamba namba 7 ni mgonjwa, na mkuu akaitafuta namba hiyo katika kitabu cha uandikishaji cha shule nzima, atampata mtu mwingine kabisa, pengine aliyekwisha kumaliza masomo zamani.

Mambo haya mawili hukutana ndani ya kompyuta. Programu iliyo kazini huitwa mchakato, nao hupewa namba ya utambulisho. Tangu Januari 2008, lilipotolewa toleo 2.6.24 la kiini cha Linux, michakato yaweza kutengwa kwa makundi, na kila kundi likawa na daftari lake la namba. Huo ni mmoja wa misingi ya makontena yanayoendesha huduma nyingi za intaneti siku hizi.

Mchakato wa kwanza ndani ya kontena hupewa namba 1. Katika mfumo mwenyeji mchakato uo huo una namba nyingine, tuseme 4821. Mwenyeji huiona michakato yote. Kontena huiona ya kwake tu. Tena daftari laweza kuwekwa ndani ya daftari, hadi ngazi 32, na mchakato huwa na namba moja katika kila ngazi, kuanzia ya kwake hadi ya nje kabisa.

Mfasiri ni nani? Ni kiini chenyewe. Kwa kila mchakato hutunza kumbukumbu moja yenye namba zake zote, na humjibu kila aulizaye kwa namba ya daftari lake mwulizaji. Mchakato ukiuliza namba ya mzazi wake aliye nje ya kontena, hujibiwa 0, yaani hapa hayumo.

Hatari huja pale mwanadamu anapofasiri kwa kubahatisha. Fundi akisoma katika taarifa ya kontena kwamba mchakato 640 umekwama, kisha akausimamisha mchakato 640 wa mwenyeji, huenda akaiua kazi isiyohusika kabisa. Na akiuua 4821 akidhani ni mchakato wa kawaida, kontena zima litazimika, kwa maana kiini huiangamiza michakato yote ya kontena mara namba 1 yake inapokufa.

Walimu wenye kompyuta ya Linux waweza kulionyesha jambo hili darasani. Katika saraka ya /proc, faili la status la kila mchakato lina mstari wa NSpid, uliowekwa tangu toleo 4.1 la mwaka 2015. Likisomwa kutoka kwa mwenyeji, namba ya kushoto ni ya mwenyeji, na ya kulia kabisa ni ya daftari la ndani. Kabla ya kuutaja mchakato wo wote kwa namba, wanafunzi hawana budi kuuliza kwanza: namba hii ni ya daftari lipi?