Injini Mpya, Giaboksi ya Zamani: Land Rover Katika Vilima vya Karagwe

Barabara nyingi za vijijini katika wilaya ya Karagwe, na katika Kyerwa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, hupanda na kushuka vilima. Mtu anayefufua Land Rover ya zamani ili itumike huko, mathalani Series III iliyoundwa Uingereza kati ya 1971 na 1985, hukabiliwa na swali zito: je, airudishie injini ya asili, au aweke nyingine yenye nguvu zaidi? Akikosea, gharama yake ni kubwa, na huenda gari likakwama mlimani likiwa na abiria na mizigo.

Jibu haliko katika injini peke yake. Nguvu ya kuzungusha inayotoka katika injini huzidishwa na giaboksi, kisha huzidishwa tena na difu kabla ya kufika magurudumuni. Katika Series III, gia namba moja huzidisha mara 3.68, giaboksi ya pili mara 1.148, na difu mara 4.7. Jumla ya uzidishaji huo ni karibu mara 19.9.

Chukua gari lenye tani 2.5 pamoja na mzigo, linalopanda mlima unaoinuka mita 1 katika kila mita 5 za barabara. Uzito wake ni niutoni 24,500. Mvuto wa dunia hulirudisha nyuma kwa sehemu ya tano ya uzito huo, yaani niutoni 4,900. Ukikadiria ukinzani wa barabara ya udongo kuwa niutoni 700, gari lahitaji msukumo wa niutoni 5,600.

Injini ya asili ya petroli ya lita 2.25 hutoa niutoni-mita 163 penye usawa wa bahari. Lakini penye kimo cha mita 1,600 hewa ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15, na injini hupata oksijeni pungufu. Hubaki kama niutoni-mita 138. Zidisha kwa 19.9, ondoa sehemu ya tano inayopotea kwa msuguano, kisha gawanya kwa nusu kipenyo cha gurudumu, mita 0.38. Msukumo ni karibu niutoni 5,800. Gari litapanda, ila kwa shida, na halina akiba yoyote.

Hapo ndipo wengi huvutiwa na dizeli yenye turbo, kama ile ya 200Tdi ya lita 2.5 iliyotoka mwaka 1989. Hutoa niutoni-mita 264, na turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu wa hewa. Hata hivyo, nguvu hiyo ni mara 1.6 ya ile ambayo giaboksi ya zamani iliundiwa. Meno ya gia na shafti za magurudumu hubeba mzigo huo wote, hasa dereva anapoachia klachi kwa ghafla. Ukiweka giaboksi ya kisasa ya gia tano, nayo ni ndefu zaidi: hulazimu kuhamisha boriti ya fremu na kubadili urefu wa propela shafti. Breki za zamani nazo hazina budi kumudu mwendo mpya.

Kumbe dawa ya mlima imo garini tangu mwanzo. Mkono wenye kirungu chekundu huingiza uwiano wa 2.35 katika giaboksi ya pili na kuunganisha magurudumu yote manne. Jumla ya uzidishaji hupanda hadi mara 40.7, na injini ileile ya petroli hutoa msukumo wa zaidi ya niutoni 11,000. Bei yake ni mwendo: injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, gari huenda kilomita 7 tu kwa saa.

Kwa hiyo anayetaka kupanda mlima na mzigo hana haja ya kuitupa injini ya asili iliyo nzima. Anayetaka mwendo wa barabara kuu anaweza kubadili injini, mradi ahesabu pia giaboksi, shafti na breki. Mwanafunzi anaweza kuipima kanuni hii kwa baiskeli yenye gia: nguvu iongezwayo hulipwa kwa mwendo.